Protini kwa ng'ombe aliyezaa karibuni: anza na gramu, asilimia itafuata

Mfugaji akiniuliza ng'ombe aliyezaa juzi apewe chakula chenye protini asilimia ngapi, nami humuuliza: anakula kilo ngapi kwa siku? Hapo ndipo mazungumzo hukwama. Namba iliyochapishwa kwenye mfuko wengi wanaijua kwa moyo, lakini kinachoingia mdomoni mwa ng'ombe hakijawahi kupita kwenye mizani. Kazi yangu ni kuwapangia watu chakula cha ng'ombe wa maziwa, na nawaambia jambo moja kila mara: asilimia ni sifa ya chakula, mahitaji ya ng'ombe ni gramu. Kilo 10 za chakula chenye protini asilimia 18 ni gramu 1,800. Kilo 15 za asilimia 16 ni gramu 2,400. Mwenye asilimia ndogo ndiye aliyeshiba.

Ng'ombe akishazaa, maziwa hupanda haraka kuliko hamu ya kula. Kilele cha maziwa huja kati ya wiki ya 4 na ya 8, ilhali kilele cha kula huchelewa mpaka wiki ya 10 au hata ya 14. Pengo la katikati hulifidia kwa mwili wake mwenyewe. Mafuta anayo ya kutosha kuchoma kwa muda. Protini hana ghala lake. Anaitoa kwenye misuli ya mgongo na mapaja, na hiyo akiba huisha mapema. Msimamie kwa nyuma wiki ya 3, tazama nyama iliyo kando ya uti wa mgongo: ikiwa imebonyea na ncha za mifupa zinaonekana kama meno ya msumeno, maziwa unayokamua yanatoka hapo. Kumbuka pia kwamba wiki hizo hizo kizazi kinarudi mahali pake na kinga ya mwili inapigana na kila kilichoingia wakati wa kuzaa. Kazi zote hizo zinataka protini.

Ndiyo maana miongozo mingi huweka asilimia 17 hadi 19 ya protini ghafi (jumla ya protini kama inavyopimwa maabara) kwenye chakula chote cha wiki 3 za kwanza, halafu ikashuka kuelekea 16. Kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi namba hizo ni sahihi. Ila usizichukue bila hesabu, maana ng'ombe wa lita 10 kumpa asilimia 18 ni kumwaga fedha kwenye mkojo.

Hesabu yenyewe

Nitamtumia Chausiku, ng'ombe mweusi mwenye kilo 450, uzazi wa tatu. Siku ya 10 baada ya kuzaa anatoa lita 20.

Kuendesha mwili wake tu, bila maziwa, anahitaji karibu gramu 340 za protini ghafi kwa siku. Ng'ombe wa kilo 550 muhesabie 385. Kisha kila lita ya maziwa inadai gramu 85 hivi kwenye chakula. Lita yenyewe imebeba gramu 32 tu za protini, lakini njiani nyingi hupotea: sehemu haimeng'enywi, sehemu hugeuka amonia na kutoka kama yurea, na sehemu haigeuki maziwa hata kidogo. Wale wenye maziwa mazito, kama Jersey, waongeze hadi gramu 95 au 100 kwa lita.

Kwa Chausiku basi: lita 20 mara 85 ni 1,700, ongeza 340, jumla gramu 2,040.

Sasa anakula nini? Siku ya 10 ng'ombe wa ukubwa wake hula karibu kilo 12 za uzito mkavu, yaani chakula baada ya kuondoa maji yaliyomo. Gramu 2,040 ndani ya kilo 12 ni asilimia 17. Ruka mpaka wiki ya 8 au zaidi: anatoa lita 24, anakula kilo 15. Mahitaji yamepanda hadi gramu 2,380, lakini ukigawa unapata asilimia 15.9. Maziwa yameongezeka, gramu zimeongezeka, asilimia imeshuka. Ukilielewa hilo hutababaishwa tena na mabango ya wauza chakula.

Uzito mkavu usikutishe. Nyasi mbichi zilizokatwa zikiwa changa huwa na maji asilimia 80 hivi, kwa hiyo kilo 25 za mzigo wa asubuhi ni kilo 5 tu za chakula cha kweli. Nyasi kavu, lusina (alfalfa) kavu, nafaka, pumba na mashudu zina maji asilimia 10 hadi 12. Zidisha kwa 0.9 umemaliza. Silaji, yaani majani yaliyoshindiliwa bila hewa yakachachuka, iko katikati, mara nyingi theluthi moja ni kavu na theluthi mbili ni maji.

Kumpangia sahani

Kilo zake 12 nazigawa hivi. Kilo 5 kavu za nyasi changa zenye protini asilimia 9: gramu 450. Kilo 2.5 kavu za lusina yenye asilimia 18: gramu 450 nyingine. Mpaka hapo tuna 900. Zimebaki kilo 4.5 za chakula cha ziada ambazo lazima zilete gramu 1,140, nazo nazipata kwa mahindi yaliyoparazwa kilo 1.5 (asilimia 9, gramu 135), pumba za ngano kilo 1 (asilimia 16, gramu 160), mashudu ya soya kilo 1.5 (asilimia 46, gramu 690) na mashudu ya alizeti nusu kilo (asilimia 28, gramu 140). Jumla kuu ni gramu 2,025. Upungufu wa gramu 15 haumsumbui mtu. Makosa ya mizani ni makubwa kuliko hapo. Kwa vipimo vya kutoa ghalani, chakula hicho cha ziada ni karibu kilo 5 kwa siku, na madini na chumvi juu yake.

Sasa mweke mtu mwenye mfuko wa kawaida wa asilimia 16. Kilo 5 za mfuko huo zinampa Chausiku gramu 800. Amepungukiwa zaidi ya gramu 300, ambazo ni protini ya karibu lita 4 za maziwa. Huhitaji kuutupa mfuko. Toa kilo moja na robo, weka kiasi hicho hicho cha mashudu ya soya, na utafika gramu 1,175. Hilo ndilo rekebisho ninalolipenda kwa mfugaji mdogo: mfuko mmoja wa chakula cha kawaida, mfuko mmoja wa soya, na uwiano wa kubadilisha kadiri ng'ombe anavyosogea mbali na siku ya kuzaa.

Nyasi ndizo zinazoharibu hesabu kuliko kitu kingine. Ukizichelewesha shambani mpaka shina likawa gumu, asilimia 9 hushuka mpaka 6 au 5. Kwa kilo zile 5 umepoteza gramu 150 hadi 200, na hilo si baya kuliko linalofuata: nyasi ngumu hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anashiba upesi, kilo 12 zinakuwa 10. Malisho yakiwa chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vya tumboni vinakosa naitrojeni na usagaji wenyewe unazorota. Kwa hiyo nyasi bora kabisa ulizonazo, zile ulizotaka kuwawekea ndama au kuziuza, mpe aliyezaa. Aliyekaushwa maziwa atakula zile ngumu na atashukuru.

Kopo si kipimo mpaka ulipime

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mipango mizuri ikifia kwenye kopo. Mtu ananiambia anatoa makopo matatu asubuhi na matatu jioni. Ya nini? Kopo likijaa mahindi yaliyosagwa hupata uzito mmoja. Likijaa pumba, kopo lile lile hukaribia nusu yake. Mashudu yakiwa mabonge hubeba hewa, yakipondwa hujaa. Na mkono wa anayechota nao una tabia yake: wengine hukung'uta juu, wengine huacha kilima.

Chukua mizani ya kuning'iniza, pima kopo tupu, kisha pima likiwa na kila chakula kwa zamu. Chora alama kwa rangi ndani ya kopo: mstari wa soya, mstari wa pumba, mstari wa mahindi. Andika namba kwenye karatasi ibandikwe pale unapochotea. Rudia kila unapoleta mzigo mpya, hasa pumba, maana hazifanani mara mbili. Siku hiyo hiyo pima na masalio kwenye hori kabla ya kuongeza chakula kipya. Aliyezaa karibuni anatakiwa abakize kidogo. Hori likirambwa likang'aa, hujui angekula kilo ngapi, na hesabu yako yote ni ya kukisia.

Kinachovunjwa tumboni na kinachopita

Protini ghafi ni jina la hesabu ya maabara: wanapima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Mashine haijui kama naitrojeni hiyo ni ya soya au ya yurea. Kwa hiyo mifuko miwili ya asilimia 18 yaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Sehemu ya protini huvunjwa kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, na vijidudu huitumia kujijenga. Vijidudu hivyo vikisombwa kwenda mbele vinamezwa na kumeng'enywa, na hapo ndipo ng'ombe anapata nusu au zaidi ya protini yake halisi. Ni protini nzuri, na ya bei rahisi. Sehemu nyingine hupita rumeni bila kuguswa na kumeng'enywa utumbo mdogo. Ng'ombe wa kawaida vijidudu vinamtosha. Aliyezaa juzi anakula kidogo, vijidudu vinazaliwa vichache, kwa hiyo anahitaji zaidi ile inayopita. Kwa chakula cha asilimia 17 au 18, nalenga 10 hadi 11 iwe ya kuvunjwa na iliyobaki iwe ya kupita.

Nyasi changa, lusina na silaji hutoa zaidi ile ya kuvunjwa. Mashudu yaliyopitia joto, machicha ya kiwanda cha bia na soya iliyokaangwa vizuri huongeza ile ya kupita. Soya mbichi naikataa: ina vizuizi vya umeng'enyaji, na protini yake huvunjwa haraka mno. Kaanga mpaka ngozi ianze kupasuka na harufu ya karanga itoke, kisha iache kwenye rundo lenye joto kwa muda kabla ya kuitandaza. Vunja punje moja kwa meno. Ikiwa na ladha ya maharage mabichi, rudisha jikoni. Ikiwa nyeusi na chungu, umeunguza, na protini iliyounguzwa hupita rumeni, ikapita na utumbo, ikaishia kwenye kinyesi.

Usitegemee chanzo kimoja. Protini ya mahindi ni maskini wa lisini, ya soya ni maskini wa methionini. Hizo ndizo amino asidi (vijenzi vya protini) mbili zinazobana maziwa mara nyingi. Kuchanganya soya na alizeti si mapambo.

Machicha yanafaa lakini huchacha ndani ya siku chache; nunua unayoweza kumaliza au yashindilie kama silaji. Mashudu ya pamba na ya karanga yachunguze ukungu, maana sumu ya ukungu hutoka na maziwa yanayonywewa nyumbani. Yakiwa yameota kijani, usiyakaushe juani ukadhani umeyatibu.

Na yurea ya kuchanganywa kwenye chakula? Kwa wiki hizi 3, hapana. Kilo moja ya yurea huonekana maabara kama kilo 2.8 za protini, ndiyo maana ni kishawishi cha kunyanyua namba ya mfuko. Lakini yote huvunjwa kwenye rumeni, haipiti hata gramu, na ng'ombe asiyekula vizuri anaweza kulewa amonia na kufa mbele yako. Muulize anayekuuzia, na kama hataki kujibu umeshajibiwa. Kuichanganya na soya mbichi ni balaa zaidi, kwani soya ina kimeng'enya kinachogeuza yurea kuwa amonia humo humo kwenye ndoo.

Nguvu isibaki nyuma

Vijidudu haviwezi kushika amonia bila wanga wa kuvipa nguvu. Ukimwaga soya juu ya nyasi ngumu bila mahindi wala nafaka nyingine, maziwa yanaweza kuruka kwa siku chache, ukajisifu, kumbe umemsukuma achome mafuta yake kwa kasi zaidi. Hapo ketosisi, ugonjwa wa ng'ombe anayechoma mafuta yake kupita kiasi, haiko mbali: ananusa chakula cha ziada anakiacha, anatafuna nyasi tu, pumzi ina harufu tamu ya kisichoeleweka, na mgongo unashuka kila siku. Ng'ombe aliyezaa akiwa mnene kupita kiasi ndiye wa kwanza kuanguka. Mzazaji mzuri huzaa akiwa na alama 3 hadi 3.5 za unene kwenye kipimo cha 1 hadi 5, na kupoteza nusu alama baada ya hapo si ajabu. Akipoteza zaidi ya alama moja, kuna tatizo ambalo soya haitalitatua.

Kupandisha chakula cha ziada kuna mwendo wake. Siku ya kuzaa Chausiku anapata kilo 2.5, kwa kuwa wiki 2 au 3 kabla ya kuzaa alikwisha kuzoeshwa kiasi hicho, kwenye chakula chenye protini asilimia 13 hadi 15. Kisha naongeza nusu kilo kila baada ya siku 2, mpaka kilo 5 siku ya 10. Kila mlo usizidi kilo 2, kwa hiyo baadaye inakuwa milo mitatu. Siku zile za mwanzo chakula ni kidogo, basi soya ichukue sehemu kubwa: kati ya kilo 2.5, kilo 1 ni soya. Mahindi ndiyo yanayoongezwa polepole, kwa sababu ndiyo yanayotia tumbo asidi. Maji yasikauke, bila maji hamna kula, bila kula hesabu hii yote ni karatasi.

Mitamba waliozaa mara ya kwanza wapangie peke yao ukiweza. Bado wanakua, wanakula kidogo kuliko mama zao, na kwenye hori moja hufukuzwa. Mtamba anayesubiri wakubwa washibe anakula masalio, na masalio hayana soya.

Aliyeanguka kwa homa ya maziwa, aliyebakiza kondo la nyuma, au asiyekula kabisa, huyo ni wa daktari. Usianze kumrekebishia asilimia.

Atakuambia mwenyewe

Kinyesi ndicho ninachokitazama kwanza. Kikiwa uji mwembamba unaoruka na hakuna nyasi mpya wala ugonjwa, protini ya kuvunjwa imezidi au wanga umepungua. Kikisimama kama kichuguu kigumu chenye nyuzi ndefu, vijidudu vina njaa ya naitrojeni. Ongeza soya au alizeti kidogo, subiri siku 4 au 5, angalia tena, na masalio ya hori yatapungua pia. Zizi lenye harufu kali ya amonia inayochoma macho asubuhi, hata baada ya kusafishwa jana yake, linakuambia fedha yako inavukizwa.

Mahali ambapo maziwa hupimwa naitrojeni ya yurea, namba ninayoitaka ni miligramu 10 hadi 14 kwa desilita. Chini ya 8 protini imepungua. Juu ya 18 au 20 ng'ombe anafanya kazi ya bure ya kusafisha amonia, na kushika mimba kunaweza kuathirika. Soma wastani wa ng'ombe kadhaa. Sampuli ya mmoja wa siku moja haikuambii mengi. Kama vipimo vya mafuta na protini vipo pia, gawa mafuta kwa protini: jibu likizidi 1.5 katika wiki hizi, mshuku ketosisi kabla hujagusa mfuko wa soya.

Wiki ya 4 ikiingia, kama anamaliza chakula na kuomba kingine, usikimbilie kushusha protini kwa kuwa kalenda imefika. Pima anachokula, rudia hesabu ya gramu. Akila kilo 14 kavu na kutoa lita 23, anataka karibu gramu 2,300, yaani asilimia 16.4. Ndipo unapunguza soya robo kilo kwa wakati na kuweka mahindi mahali pake, ukitazama ndoo ya maziwa kwa siku 5. Maziwa yakisimama palepale, punguza tena. Yakishuka, rudisha robo ile na umwache hapo mpaka wiki mbili zijazo.